Miaka yote Kimara bila kuijua Kimara: saa za siku ndizo zinazotuchorea mtaa

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, tangu mwaka 1998. Nilijenga hapa nikiwa mtumishi wa umma kijana, na kwa miaka yote ya kazi nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili niwahi gari la Posta, nikirudi saa mbili usiku, au saa tatu mvua ikinyesha. Mwaka jana nilistaafu. Katika wiki ile ya kwanza mke wangu alinipa ndoo ya mchele uliolowekwa na kuanikwa, akaniomba niupeleke mashineni kusagwa, nami nikamwuliza mashine iko wapi. Alinitazama kwa mshangao, akanielekeza. Iko mwendo wa dakika sita kutoka mlangoni kwangu, imekuwapo miaka kumi na miwili, na sikuwahi kuiona hata siku moja. Kila siku nilipita njia moja tu, kutoka mlangoni hadi kituoni, tena nilikwenda kukiwa na giza na kurudi kukiwa na giza.

Jambo hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niandike. Tumezoea kusema kwamba mtu huenda pale palipo karibu naye. Kwa niliyoyaona tangu nistaafu, naamini kwamba karibu na mbali havipimwi kwa hatua peke yake. Hupimwa kwa saa ambayo mtu yuko huru, kwa wajibu unaomsubiri kabla na baada ya saa hiyo, na kwa milango inayokuwa wazi wakati huo. Watu wawili wanaolala chini ya paa moja wanaweza kuwa wanaishi katika mitaa miwili isiyofanana hata kidogo.

Ili nisiseme kwa kukisia, nilichukua daftari na kwa muda wa wiki mbili, kwa ridhaa yao wote, nikaandika kila mtu wa nyumbani kwangu anakwenda wapi, saa ngapi, na kwa miguu au kwa chombo gani. Tuko watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa mwisho aliye kidato cha tatu, mjukuu wa miaka minne, na kijana wa dada yangu anayelinda ghala usiku huko Ubungo.

Nianze na mke wangu, kwa sababu kurasa zake ndizo zilizojaa kuliko za wengine wote. Huamka saa tisa na nusu usiku kuwasha jiko, na kabla ya adhana ya alfajiri kikaango cha vitumbua kiko motoni barazani. Wateja wake ni wale wanaokwenda kazini, nami nilikuwa mmoja wao, kwani nilikuwa nikichukua viwili vya moto kila asubuhi na kukimbia. Saa mbili anafunika jiko, anamwogesha mjukuu na kumpeleka chekechea. Akitoka huko harudi kwa njia aliyokwendea. Anashuka bondeni hadi mashineni, anaacha mchele, anavuka kwenda gengeni kununua mboga ya mchana, anapitia kwa jirani aliyevunjika nyonga kumsaidia kufua nguo, anarudi mashineni kuchukua unga, na lazima awe nyumbani kabla ya saa nne kwa sababu siku za mgao maji hutoka saa hiyo na hayamsubiri mtu. Saa sita anakwenda kumchukua mtoto. Alasiri ya Jumatano ana kikao cha mchezo wa kina mama, ule wa kuchangiana fedha kwa zamu, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ana sala ya jumuiya, ambayo kila wiki huhamia nyumba nyingine.

Siku ya Jumanne nilihesabu kwamba alitoka nje ya geti mara saba. Hakuna safari hata moja iliyofika kilomita moja, na hakupanda chombo chochote. Nilipomwuliza jioni, kama anavyoulizwa mtu kwenye dodoso, «Leo umesafiri kwenda wapi?», alinijibu kwa moyo mweupe kabisa: «Mimi sikusafiri, nilikuwa nyumbani tu.» Jibu hilo naliona zito. Mtu aliyetembea kutwa nzima anajihesabu kwamba hakwenda popote, na nahofia kwamba wanaotupangia barabara na masoko wanamhesabu vivyo hivyo.

Kijana wetu wa ulinzi yeye huishi kinyume na wimbi. Jioni watu wanaporudi wamebanana, yeye hushuka mjini kwenye gari tupu, na asubuhi watu wanapogombania mlango wa kupanda, yeye ndiye anayeshuka. Hulala hadi saa tisa alasiri. Maduka anayoyafahamu ni yale yanayochelewa kufungwa: kibanda cha chipsi, duka la dawa la pale kona, na kwa fundi wa simu. Mkutano wa serikali ya mtaa huitishwa Jumapili saa nne asubuhi, na kwa miaka mitatu aliyoishi kwangu hajahudhuria hata mmoja. Si kwa kupuuza, bali saa nne asubuhi kwake ni usiku wa manane. Majirani wengi hawamjui kwa sura. Nilimwonea huruma nilipoyaandika hayo, kisha nikatambua kwamba mimi mwenyewe niliishi hivyo hivyo kwa miaka ishirini na zaidi.

Wasomi wa jiografia wamelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1970 Torsten Hägerstrand, profesa wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, alitoa makala iliyowataka wenzake waache kumtazama binadamu kama nukta kwenye ramani, wamfuate katika saa zake. Alieleza kwamba mwendo wa mtu umefungwa na kamba tatu. Ya kwanza ni ya mwili na vyombo: lazima alale, lazima ale, na hawezi kwenda kasi kuliko miguu au gari lake. Ya pili ni ya kukutana: kazi nyingi haziwezekani mpaka watu fulani wawe mahali fulani kwa wakati mmoja. Ya tatu ni ya mamlaka: kuna mahali na nyakati ambazo mtu haruhusiwi kupita. Nilipoyasoma maelezo hayo nilizitambua kamba zote tatu ndani ya daftari langu. Mke wangu kurudi kabla ya saa nne ni kamba ya pili. Ana miadi na bomba.

Kamba ya tatu ndiyo inayotuumiza hivi sasa. Kulikuwa na kichochoro nyuma ya nyumba yetu, upana wake kama mikono miwili iliyonyooshwa, kilichopita kwenye kiwanja kisichojengwa na kutokea karibu na shule na mashine. Mwaka jana mwenye kiwanja alijenga ukuta. Ana haki yake kisheria, na sitamtaja. Hata hivyo, ukuta huo umepinda safari za watu wengi kuliko anavyofahamu. Binti yangu na wenzake sasa wanazunguka kwa kando ya barabara kuu alfajiri, magari yakienda mbio. Mke wangu amebadili genge, maana lile la zamani limetoka nje ya mzunguko wake. Muuza genge aliyempoteza alikuwa akimkopesha mwisho wa mwezi. Huyu mpya bado hajamzoea.

Jambo la namna hiyo lilitupata kwa ukubwa zaidi mwaka 2017, nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro zilipobomolewa kupisha upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Barabara imejengeka vizuri na inawasaidia sana wanaotoka mbali. Lakini rafiki mkubwa wa mke wangu anaishi ng'ambo ya pili. Zamani walikuwa wakipelekeana mboga kila siku, mtoto akitumwa na bakuli. Sasa hakuna anayemtuma mtoto kuvuka njia nane. Wanaonana Jumapili kanisani, na siku za kati wanapigiana simu.

Nawaomba wenzangu mnieleze: kwenu hali ikoje? Nani nyumbani mwako anatembea mtaa upi, na ni saa gani inayoamua?

Kondakta wa zamani, Mbagala

Shikamoo mzee wetu, na hongera kwa kustaafu salama.

Nilifanya kazi ya ukondakta miaka kumi na minne, njia ya Rangi Tatu kwenda mjini, nami nakuhakikishia kwamba daladala ina ratiba ingawa haijaandikwa popote. Nikifumbwa macho na kusikia tu sauti za abiria, ningekuambia saa ngapi.

Gari la saa tisa usiku ni la kina mama wanaokwenda Feri kununua samaki wa kukaanga na wale wa mama lishe wanaowahi mboga sokoni. Mikononi wana ndoo tupu, na baada ya saa mbili tu hurudi na ndoo zilizojaa, nasi huwatoza na mzigo. Saa kumi na moja hadi saa moja ni wafanyakazi na wanafunzi. Saa tatu huja wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Temeke na wanaowasindikiza. Kuanzia saa nne gari huwa na nafasi, ndipo wanapopanda wanaokwenda Kariakoo kununua nguo au vifaa vya ujenzi, watu wenye utulivu, wanaouliza nauli kabla ya kukaa. Jioni kila kitu hugeuka.

Nataka niongeze jambo moja ambalo mtu wa ramani hawezi kuliona. Abiria wa Mtoni Mtongani, aliye karibu zaidi na mjini kuliko wa Rangi Tatu, alikuwa akipanda gari asubuhi kuelekea Rangi Tatu, yaani kurudi nyuma, analipa nauli, halafu anageuza nalo ili apate kiti. Kwa umbali huo ni upotevu. Kwa mama mwenye mimba, au kwa mtu atakayesimama kazini kutwa, saa moja ya kukaa kitini ilikuwa na thamani kuliko nauli aliyoiongeza.

Kuhusu wanafunzi, naomba niseme ukweli hata kama unaniuma. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo, nasi tulikuwa na hesabu ya tajiri ya kufikisha jioni. Kwa hiyo asubuhi tuliwazuia mlangoni, mmoja mmoja, tukiruhusu wawili au watatu kwa kila gari. Matokeo yake watoto waliondoka nyumbani saa kumi alfajiri ili wagombanie magari ya mwanzo, au walitembea. Wapo waliojua vichochoro vyote vya Mbagala kwa sababu sisi tuliwafungia mlango. Nilipokuwa na binti yangu mwenyewe aliyeanza sekondari ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunakifanya.

Mwenyeji wa Ng'ambo, Unguja

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Kwetu Unguja swala ndiyo inayogawa mchana, na kwa hiyo ndiyo inayogawa njia. Asubuhi wanaume na wanawake huelekea Darajani kwa kitoweo, kwa sababu samaki mzuri hangoji jua kali. Adhuhuri mji hupwaya. Baada ya swala ya alasiri ndipo wanawake hutoka: kumtazama mzazi aliyejifungua, kumjulia hali mgonjwa, kupeleka mchango wa shughuli. Bibi yangu hakuwahi kufanya ziara ya namna hiyo asubuhi. Ingekuwa kama kumvamia mwenye nyumba akiwa jikoni. Wakati huo huo watoto wako chuoni wakisoma Kurani, na wazee wako barazani, kila mmoja kwenye baraza yake ya miaka yote. Mwanamke anayepita kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe anajua baraza ipi ina watu saa hiyo, na mara nyingi huchagua kichochoro cha nyuma ili asipite mbele yao. Hakuna aliyemwandikia njia hiyo, lakini kila msichana anaijua kabla hajabaleghe.

Tena mtazame jina lenyewe la Ng'ambo. Palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na upande wetu, na Darajani ni mahali pa daraja. Mkono ule ulifukiwa zamani na leo hakuna maji ya kuvuka, lakini watu bado husema «nakwenda mjini» wanapovuka barabara ile kwenda sokoni.

Lakini hoja yako, mzee, inathibitika zaidi mwezi wa Ramadhani. Nyumba ni zile zile, vichochoro ni vile vile, miguu ni ile ile, na bado mji wote hubadilika. Asubuhi kimya. Soko hujaa kuanzia adhuhuri kwa vitu vya futari: muhogo, ndizi, tui, samaki. Karibu na magharibi utaona watoto wakipishana na sahani zilizofunikwa kawa, kila nyumba ikipeleka kwa jirani na kupokea. Baada ya tarawehe, wanawake ambao miezi mingine hawatoki usiku hutembea kwa makundi mpaka usiku mwingi, na katika kumi la mwisho njia za Darajani hazipitiki kwa wanaotafuta nguo za Idi. Njia inayoogopwa usiku wa mwezi wa Rajabu huwa salama usiku wa Ramadhani, kwa sababu tu kuna watu. Mimi nimejifunza kutoka hapo kwamba usalama wa njia nao ni suala la saa.

Muuguzi wa zahanati

Nawashukuru wote waliotangulia. Nitajikita kwenye afya, maana sisi hukutana na jambo hili kila siku bila kulipa jina.

Mbu wa malaria, Anofelesi, huuma zaidi usiku. Mbu wa homa ya dengi, Aedesi, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni. Kwa hiyo ukitaka kujua mgonjwa wa malaria kaipata wapi, unamwuliza amelala wapi. Ukitaka kujua wa dengi kaipata wapi, unamwuliza ameshinda wapi. Dar es Salaam ilipopata mlipuko wa dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019, chandarua cha kitandani hakikuweza kumkinga mtu aliyeumwa na mbu akiwa gereji, ofisini au darasani.

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kenya, ambamo watafiti walitumia kumbukumbu za simu za karibu watu milioni 15 kwa muda wa mwaka mmoja, kuanzia Juni 2008, bila kuwatambua wenye simu, wakazilinganisha na ramani ya malaria. Walionyesha namna vimelea vinavyosafiri ndani ya watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi na kwingineko. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Hata hivyo, simu huonyesha mnara uliotumika. Safari za mkewe mzee wetu, kutoka chekechea hadi mashineni hadi gengeni, zote huenda zikawa ndani ya mnara mmoja, na kwa kumbukumbu hizo yeye amekaa mahali pamoja kutwa nzima. Tena simu yenyewe huenda ameiacha nyumbani ikichaji.

Niseme pia kuhusu kliniki yetu ya watoto. Kwa miaka tuliwaambia kina mama wafike saa moja na nusu asubuhi, na waliochelewa tuliwakaripia. Siku moja niliketi na mama mmoja aliyekuwa akichelewa kila mwezi, akanieleza kwamba anauza uji kituoni mpaka saa tatu, na kwamba uji wa siku hiyo ndio nauli ya kumleta mtoto. Tulimhesabu mzembe kwa sababu ya saa tuliyoichagua sisi. Nilimwomba mganga mfawidhi turuhusu kupima watoto hadi saa nane mchana siku mbili za wiki, akakubali. Waliokuja saa saba walikuwa wale wale tuliokuwa tukiwaandika kwamba wametoroka kliniki, na wengine walitoka mtaa wa jirani kabisa. Umbali haukuwahi kuwa tatizo lao.

Mkazi wa Nairobi

Wenzangu, nimesoma kwa makini na ninaheshimu daftari la mzee, lakini naomba kutofautiana kidogo. Mimi naona tunaipa ratiba sifa ambayo ni ya pesa. Hapa Nairobi, alfajiri ukisimama kando ya reli kutoka Kibera, au ukitazama watu wanaotoka Mukuru kuelekea viwandani, utaona maelfu wakitembea. Hawatembei kwa sababu ya saa. Wanatembea kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula sehemu kubwa ya ujira wa siku. Mpe mtu huyo pesa, utaona mzunguko wake ukipanuka siku hiyo hiyo.

Lakini nikiwa mkweli, kuna mahali hoja zetu zinakutana. Nauli za matatu hubadilika kwa saa na kwa hali ya hewa: njia ile ile asubuhi mapema ni ghali, saa nne ni nafuu, na mvua ikianza kunyesha jioni inapanda maradufu. Kwa hiyo aliye na uhuru wa kuchagua saa analipa kidogo, na asiye na uhuru huo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, analipa zaidi au anatembea. Mwaka 2014 wasomi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya kwanza kamili ya njia za matatu, iliyotengenezwa kwa watu kupanda magari wakiwa na simu mikononi. Ilitufaa sana, kwani kabla ya hapo njia hizo zilikuwa vichwani mwa madereva tu. Ningependa siku moja tuone ramani ya aina hiyo inayoonyesha nauli ya kila saa.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Nairobi, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, na mfano wako wa nauli umenifungua macho. Pesa huamua mtu atapanda nini, na saa nazo huamua mlango upi ataukuta wazi. Lakini safari saba za mke wangu zile za Jumanne hazikuwa na nauli hata moja. Ukimpa pesa leo bado atakuwa nyumbani kabla ya saa nne, kwa sababu ya maji, na bado atakuwa kwenye geti la chekechea saa sita, kwa sababu ya mtoto.

Nina mfano mwingine wa upande wa pili. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kutoka hapa Kimara hadi Kivukoni, mimi binafsi niliokoa muda mwingi njiani, hasa miezi ile ya mwanzo. Nilidhani ningeutumia nyumbani. Wenzangu wawili wa ofisini waliuza nyumba zao za vyumba viwili karibu na mjini wakajenga Kibamba, kwenye eneo kubwa zaidi, na baada ya mwaka walikuwa wakitumia njiani muda ule ule wa zamani. Yacov Zahavi, aliyeifanyia kazi Benki ya Dunia miaka ya 1970, na baadaye Cesare Marchetti, mwanafizikia wa Italia, mwaka 1994, waliandika kwamba binadamu wa miji mbalimbali hukaribia kutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku kwa kusafiri, na kwamba kasi ikiongezeka watu huenda mbali zaidi badala ya kubaki na muda. Wastani huo hauwafai watu wa Mbagala na Gongo la Mboto, ambao wametumia saa mbili au tatu kwa siku bila kupenda. Lakini kwa wenzangu wale wawili niliuona kwa macho.

Muuguzi, nimemsomea mke wangu maneno yako kuhusu saa ya kliniki. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema niwaandikie kwamba mama yule wa uji si mmoja.

Mleta uzi: mrejesho

Wanajukwaa, niliahidi kimoyomoyo kwamba nikipata la kusema kuhusu kile kichochoro nitarudi.

Tulikwenda na mwenyekiti wa mtaa kumwona mwenye kiwanja. Ni mama mtu mzima, mstaarabu, anayeishi upande mwingine wa jiji. Alitusikiliza, kisha akasema kwa dhati kwamba kabla ya kujenga alikuja kukagua mara nyingi na hakuwahi kuona watu wakipita pale, isipokuwa mmoja mmoja. Tulianza kubishana, mpaka mke wangu akamwuliza alikuwa akija siku gani. Akajibu kwamba alikuwa akija Jumamosi saa nne au saa tano, maana siku nyingine yuko dukani kwake. Jumamosi shule zimefungwa, chekechea imefungwa, na saa nne mke wangu na wenzake wako bombani. Mama huyu hakusema uongo. Kwa saa zake, kichochoro kilikuwa kitupu.

Mke wangu alimwomba jambo moja tu, aje Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Sikutegemea atakuja, lakini alikuja, akiwa amefunga duka. Tulisimama naye kwenye kona ambapo kichochoro kilikuwa kikianzia. Watoto walifika wawili wawili na watatu watatu, wakiwa na mifuko mgongoni, wakafika kwenye ukuta, wakapinda kulia kuelekea barabarani. Hakuna aliyelalamika, wameshazoea. Binti yangu alipopita alimwamkia, naye akaitikia. Lori lilipopiga honi barabarani, alishtuka akanishika mkono.

Alikaa pale hadi saa moja kasoro robo. Kisha alirudi nyuma kando ya ukuta wake, akihesabu matofali kwa kidole kutoka kwenye nguzo, akatoa simu na kumpigia fundi. Nilimsikia akiuliza ni upana gani unaotosha watoto wawili kupishana na mama mwenye ndoo kichwani.